Matabishi ya Mama Martine

Likasi, siku ya kazi moja ya juma, 26 Oktoba 1970

Mvua ya kwanza ilianguka jana, kelele mingi na maji kidogo. Leo asubuhi, minye na Élise tulikuta karatasi imebandikwa ku kioo ya saloni. Madame Gertrude, mwenye saloni, aliiandika na mashini. Élise alisoma kwa sauti, juu yeye alifika sekondari. Minye niliachia ku mwaka ya sita ya masista, lakini nilifuata na kidole na nikaelewa yote.

Inasema hivi: kuanzia tarehe moja Novemba, mama mwenye kulipa na karte ya kampuni ataandikisha na matabishi, ile zawadi ya mufanyakazi, ku ile karte. Makuta, ile feza ya mukononi, imekatazwa. Mufanyakazi atakayeshikwa anapokea, atabaki kwake, kazi imeisha.

Karte ni kintu ya bakubwa. Bwana mwenye cheo ku kampuni iko nayo moja. Bibi yake anakuja nayo, anakatwa kucha, anapakwa verni, rangi ya kucha, Madame anaandika bei, na mwisho wa mwezi inakatwa ku mushahara ya bwana. Bibi haoni feza. Lakini matabishi ilikuwa kando. Mama alikuwa anasimama, anapuliza vidole, anafungua mukoba polepole juu verni isiharibike, anaweka makuta tano mu mukono yako na anaifunga yeye mwenyewe, kama vile anakupa siri.

Yangu haikai kwangu hata siku mbili. Kila siku ya posho, juma ikiisha, inaenda yote kwa Mama Émérence, mujane wa Kasai anayekaa nyuma ya saloni. Yeye njo anachunga mutoto yangu Martine wakati niko kazini. Martine iko na mwaka moja na miezi ine. Mu saloni siwezi kumuleta, harufu ya asetoni inamukoholesha. Mushahara yenyewe inaenda mu unga na mu sabuni.

Na bwana yangu Urbain tulipatana mwezi ya sita, wakati tulizika baba yake kule Kapolowe. Mama yake, Mathilde, aliomba apewe Martine, akiacha ziwa akae naye kijijini, vile batoto wa kwanza banakaaka na nkambo yao. Urbain alikubali. Minye nililia siku tatu. Ya ine akaniambia: "Basi, mama. Weye mwenyewe ukiweza kulipa muntu wa kumuchunga, Martine atabaki. Ukishindwa, Noeli ikifika, nkambo yake atamubeba." Ilikuwa neno ya haki. Nikakubali.

Kazi tatu, 28 Oktoba

Hakuna kintu. Jua kali. Martine iko na meno saba.

Kazi mbili, 3 Novemba

Siku ya Mungu na jana saloni ilifungwa, leo njo karte imeanza. Wa kwanza alikuwa Mama Zéphirin, bibi ya shefu moja wa biro. Bamepewa nyumba ya wazungu, yenye bafu mbili, na anapendaka kusema kama ya pili banaitumia kwa kuanika samaki.

Alipomaliza, Madame akachukua kalamu. "Matabishi ngapi?"

"Andika kumi."

"Kumi? Weye kila siku unatoa tano."

"Ile tano ilikuwa ya sombe yangu, feza ya chakula, Madame. Hii ni ya bwana yangu Zéphirin. Yeye anakunywa bière bila kuhesabu. Acha na kucha yangu ikunywe."

Tulicheka wote, na Madame alicheka. Kisha akauliza: "Nani alikutengeneza?"

"Mama Martine."

Madame akaandika: Mama Martine. Banamama wote ba ile siku balisema vile. Hakuna mwenye adabu atakayemuita muntu mwenye mutoto jina yake tupu, kama musichana. Élise, yeye hajazaa, banamuandika Élise.

Mpaka jioni nilikuwa na mistari mine, na moja tu ilikuwa ya tano. Nilitembea kwenda kumuchukua Martine nikiimba kidogo.

Siku ya posho, 7 Novemba

Juma ya kwanza bila makuta. Nilienda kwa Mama Émérence mikono mitupu, nikamuelezea karte.

Akanisikiliza akisuka mukeka yake. "Ile karte, Mama Martine, banaipika na mafuta ao na chumvi tu?"

"Mwisho wa mwezi, mama. Na itakuwa mingi kupita ya zamani."

"Minye nitangoja. Tumbo ya mutoto yako njo haiwezi kungoja." Lakini alikuwa amemupa bukari na samaki, niliona ku midomo yake. "Nenda. Kesho utakuja kunifulia."

Siku ya Mungu, 8 Novemba

Nilifua. Mashuka mine na kitenge ya kufunga maiti, sijui anaiwekea nani.

Kazi tatu, 11 Novemba

Mvua siku tatu. Banamama habakuji juu ya matope. Mistari miwili tu tangu juzi.

Siku ya posho, 14 Novemba

Mikono mitupu tena. Mama Émérence alinipa mutoto na akarudi ku mukeka yake. Namuona muntu mugumu. Anaangalia mutoto yangu kama vile unaangalia mufuko ya makala, kujua imebaki ngapi.

Kazi ine, 19 Novemba

Leo mama moja mugeni, bwana yake alihamishwa toka Kolwezi, aliniwekea makuta kumi mu mukono akaifunga. Hakujua sharti. Niliona Madame mu kioo, anaangalia mikono yetu. Nikafungua vidole, nikarudisha.

"Feza yangu inanuka?" ule mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni sharti. Andikisha ku karte."

"Karte ni ya bwana. Hii ni yangu. Nilitaka kukupa yangu."

Akarudisha mu mukoba na hakuandikisha kintu. Madame akatikisa kichwa, alifurahi. Jioni, mu njia, nilifikiri kama ile makuta kumi ingenunua unga ya kupelekea Mama Émérence. Nilikuwa muaminifu, na mufuko yangu haikujua.

Siku ya posho, 28 Novemba

Mama Émérence aliniambia kama kuko mama mwengine anatafuta nafasi ya mutoto yake, na bwana yake atalipa mbele. "Nilimuambia angoje mpaka Noeli," akasema. "Minye si mubaya, Mama Martine. Minye ni mujane."

Kazi moja, 30 Novemba

Nitaandika yote ya leo, juu kichwa yangu inazunguka.

Madame alitupa ruhusa, minye na Élise, twende ku biro ya kampuni, pale banalipa. Kumbe feza ya kucha inaenda kwa saloni, lakini matabishi ni ya mufanyakazi, na mufanyakazi anaifuata yeye mwenyewe ku gishe, dirisha ya kulipia, siku ya kazi moja tu, saa nane mpaka saa kumi. Tulienda chini ya muvuli moja, wawili. Bega yangu moja ililowa, ya Élise nayo moja.

Nyuma ya gishe kulikuwa bwana mwenye mawani, banamuita Stanislas. Iko na sauti ya polepole kama ya muntu wa kanisa. Élise alitoa kitambulisho. Bwana Stanislas aliangalia liste ya majina, akaangalia kitambulisho, akapiga tampo, muhuri ya kampuni. Élise akaenda kando akihesabu.

Minye nikatoa yangu.

"Bibiane," akasoma. Akashuka na kidole ku liste, akapanda tena. "Bibiane haiko hapa, mama."

"Niko. Minye njo Mama Martine."

"Mama Martine, ndiyo, iko. Mistari makumi ine na moja. Anafanya kazi sana huyu Mama Martine."

"Njo minye, bwana."

"Nakubali. Lakini kitambulisho inasema Bibiane, na liste inasema Mama Martine, na minye nalipa liste."

Muzee moja nyuma yangu mu mustari akasema: "Mupe feza yake, bwana. Hauoni maziwa ku blouse yake?"

Bantu balicheka. Nikajifunika na kitambala. Kweli ilikuwa imetoka, ile ilikuwa saa ya Martine.

"Tata," Bwana Stanislas akajibu, na hakucheka, "maziwa haina tampo."

Alinielezea bila kelele. Mwaka jana bantu balikula feza ya majina ya bantu hawako, tangu pale neno ya patron wa kazi peke yake haitoshi. Nilete karatasi yenye kusema mama ya mutoto Martine ni Bibiane, na mukubwa moja wa jamaa atakayesema mbele yake mutoto anaishi na nani. "Ao," akasema, "tuandike ku namba ya bwana yako. Itaingia mu mushahara yake. Ile naweza kufanya leo leo."

Nikaomba juma moja ao mbili.

Nilikuwa na karte ya mizani mu kitambala, ile ya kupima mutoto. Nikaifungua ku nyumba. Imeandikwa: Martine, mutoto wa Urbain, na namba ya Urbain. Nilimubeba miezi kenda na ku karte ya mizani siko. Karatasi yenye jina yangu ni moja tu, ya ubatizo. Martine alibatizwa Kapolowe, na karte iko mu mukono ya Mathilde. Anaiweka yeye, mu kopo ya biskuti, pamoja na ya bwana yake aliyekufa.

Kazi mbili, 1 Desemba

Urbain alirudi kutoka kiwanda ya Panda, nguo zake zinanuka moshi ya kazi. Nilimuwekea maji, nikamuambia yote.

"Si ungekubali ku namba yangu?" akasema.

Urbain si mubaya. Lakini feza ikiingia ku mushahara yake itaitwa mushahara, na mushahara iko na bandugu mingi. Na siku ya posho nitasimama mbele yake nikiomba yangu kama mutoto anaomba bonbon.

"Ulisema minye mwenyewe," nikajibu. "Ile siku, Kapolowe. Ulisema: weye mwenyewe ukiweza."

Akaendelea kunawa. Akanawa masikio, akanawa shingo. "Nilisema," akajibu. "Basi fuata karatasi. Lakini na ya mama nilisema, Noeli njo Noeli. Sitabadilisha."

Kazi tatu, 2 Desemba

Niliandika barua Kapolowe, nikamupa mufanyakazi moja wa treni. *Mama, salamu mingi. Martine iko muzima, anasimama mwenyewe. Naomba unitumie karte yake ya ubatizo, juu Noeli iko karibu. Mutoto yako.* Sikusema ni ya nini. Kila neno ilikuwa ya kweli na barua yenyewe ilikuwa ya uongo.

Siku ya posho, 5 Desemba

Nilifua tena kwa Mama Émérence.

Kazi tatu, 9 Desemba

Mama Zéphirin alikuja na uso ya kuvimba. Bwana yake alipata karatasi ya mushahara, akasoma mistari yote. "Ananiuliza: Mama Martine ni nani? Ni ndugu yako? Unamulisha na mushahara yangu? Namuambia: ni mutengenezaji wa kucha. Anasema: kucha kumi, matabishi mara kenda, hata kuku haina kucha mingi vile."

Élise akajificha nyuma ya mulango juu ya kucheka. Mama Zéphirin mwenyewe akaanza kucheka, akapangusa macho na mugongo ya mukono juu verni ilikuwa mubichi.

"Leo andika mbili," akasema kwa Madame. Kisha kwangu, chini chini: "Unisamehe, mama. Zamani nilikupa kidogo, lakini hakuna mwenye alijua."

Siku ya posho, 12 Desemba

Mathilde amefika.

Nilikuwa napepeta unga ku mulango. Alikuja na treni ya muchana, kitambala imelowa, kikapo ya samaki mukavu ku kichwa, na blanketi ya mutoto, mupya, ya manjano, mu plastiki. Alitua kikapo na akamushika Martine mbele ya kunisalimia.

"Niliona barua yako," akasema. "Nikajua umekubali. Nikasema, kwa nini ningoje Noeli, na minye nasikia njaa ya huyu mutoto?"

Akatoa karte ya ubatizo, akanipa na mikono yote miwili. Jina yangu iko pale, na wino ya bluu, imeandikwa vizuri: *mama: Bibiane*.

Nikasema: "Merci, mama." Nikaificha mu kitambala. Urbain aliniangalia, kisha akaingiza kikapo ndani.

Siku ya Mungu, 13 Desemba

Banasema maji imekata njia ya treni. Juma nzima ao zaidi. Mathilde akasema: "Basi nitapumzika kwenu." Iko na magoti ya kuvimba, anaikanda na mafuta ya mawese.

Kazi moja, 14 Desemba

Siku ya gishe, na sikuenda. Banataka mukubwa wa jamaa, na mukubwa wa jamaa ananifikiria nafunga muzigo ya Martine.

Niliacha mutoto na yeye. Mama Émérence akaniuliza ku dirisha: "Umemutuma?"

"Hapana. Iko na nkambo yake."

"Ah." Akaendelea kusuka. Pembeni yake kulikuwa mahali ya Martine, amekunja nguo pale, hakuna mutoto mwengine juu yake.

Kazi tatu, 16 Desemba

Leo nilifika mapema, mvua ilifunga saloni. Nikasikia sauti ya Mathilde mbele ya kufika, nikafikiri kuna mugeni. Hapana. Alikuwa anaongea na Martine. Anamuelezea nani alikufa Kapolowe na nani alioa, bei ya samaki, mbuzi wa jirani aliyekula mihogo. Martine iko mbele yake na anasema "mm". Mathilde anajibu: "Njo vile, mama. Njo vile nilimuambia." Sikupata kumusikia akisema maneno mingi vile.

Nikaikala naye, tukachambua sombe. Nikamuuliza: "Mama, weye ukiwa ku shamba, Martine atabaki na nani?"

"Na jirani." Akasema, kisha akaangalia majani mu mukono yake. Jirani, pale Kapolowe, na jirani hapa nyuma ya saloni: tulikuwa tunafikiri neno moja, yeye na minye. Akaweka majani mu sufuria. Kisha akasema: "Si juu ya muchana. Muchana iko na kazi. Ni ile saa nafunga mulango. Tangu baba ya Urbain alienda, nafunga mulango, na hakuna muntu wa kumuambia nimefunga."

Miezi sita nilimufikiria kama muntu anayetaka kuniiba. Sasa nikimuangalia naona mama moja mwenye magoti ya kuvimba. Lakini mutoto ni moja tu, haigawanyike.

Kazi tano, 18 Desemba

Nilimuambia. Alikuwa anatwanga sombe, na niliona heri anitwange na minye kuliko kuendelea.

"Mama, ile karte nilikuomba haikuwa ya safari."

Nikaelezea karte ya bakubwa, liste, tampo, Mama Émérence, Noeli. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza akasimamisha mutwangio.

"Kwa hiyo unataka niende ku gishe, niseme Martine anaishi na nani."

"Ndiyo, mama."

"Na nikisema anaishi na weye, utapata feza, na atabaki."

"Ndiyo."

"Ungeniambia mu barua."

"Ungekuja?"

Alifikiri vizuri, kama muntu anayeulizwa bei. "Hapana," akasema. "Singekuja. Na karte singeituma."

Akashika tena mutwangio. Kisha akauliza: "Huyu Émérence ni muntu gani?"

"Ni mujane."

Siku ya posho, 19 Desemba

Mathilde alienda mwenyewe kwa Mama Émérence, Martine ku mugongo. Minye niliona ku dirisha ya saloni, nashika mukono ya mama moja, tupa yangu imesimama juu ya kucha.

"Mama wa Kapolowe," Mama Émérence alimupokea na sauti ya kusikilika barabara nzima, "umekuja kuhesabu kama nimekula mujukuu wako mukono moja?"

"Nimekuja kuona unamulazaka wapi."

"Ingia, ikala. Uone. Na ukimaliza kuona, uniambie kwa nini analia ukimuvalisha viatu."

Bakaingia. Nilipomaliza kazi, bado beko ndani, bakiongea juu ya bwana zao bawili baliokufa, moja mupole na moja mulevi. Martine amelala katikati yao. Mu njia Mathilde aliniambia neno moja tu: "Juma saba haujamulipa, na alikuwa anamutafunia samaki."

Nilijua. Lakini sikuwa nimeisema hata mu hii kaye naandika.

Kazi moja, 21 Desemba

Banatengeneza njia ya treni. Banasema kesho itapita. Mathilde alisikia habari ile asubuhi, akakunja bintu yake. Alikunja na nguo za Martine pembeni, mbalimbali na zake, na hakusema ni ya nini. Kisha akamufunga Martine ku mugongo na ile blanketi ya manjano, akaniambia: "Twende ku gishe yako."

Kulikuwa mustari mrefu juu ya Noeli. Mvua ku mabati, hakuna anayesikia mwengine. Bwana Stanislas alichukua karte ya ubatizo, akaisoma mbele na nyuma, akailinganisha na kitambulisho yangu.

"Bibiane. Martine. Vizuri." Akaangalia juu ya mawani. "Na weye, mama, ni nani?"

"Nkambo ya mutoto. Urbain ni mutoto yangu."

"Huyu njo mama ya mutoto?"

"Njo yeye."

"Mutoto anaishi na nani?"

Mathilde akashika miguu ya Martine nyuma yake.

Kalamu ya Bwana Stanislas ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Nyuma yetu bantu balianza kusukumana, muntu moja akasema saa ya gishe haingojake. Niliangalia mugongo ya Mathilde, blanketi, na mikono miwili ya Martine inashika kitambala yake ku shingo. Alikuwa na haki ya kusema neno ingine. Anasema "na minye", na kesho Martine iko ku treni, na hakuna muntu mu ile mustari atasema alikosa. Hata Urbain. Niliona tena nguo mbili zilizokunjwa mbalimbali, na nikaelewa kama asubuhi alikuwa bado hajachagua.

"Mama?" Bwana Stanislas akasema, polepole.

Mathilde alimupandisha Martine juu kidogo, vile tunafanyaka mutoto akishuka.

"Na mama yake," akasema. "Andika vile. Anaishi na mama yake, hapa Likasi."

Akaandika. Tampo ikapiga. Nikasinye, nikaandika Bibiane ku mustari ya Mama Martine, na herufi ya mwisho ikatoka inje ya karatasi. Bwana Stanislas akasema haina kintu.

Tulienda na feza moja kwa moja kwa Mama Émérence. Alihesabu mara mbili, akarudisha kipande moja. "Ile juma nkambo alikuwa anamuchunga, sikufanya kazi." Mathilde akakataa, minye nikakataa, na ile kipande ilibaki juu ya mukeka, hakuna anayeishika, mpaka tulitoka.

Kazi mbili, 22 Desemba

Urbain aliomba ruhusa, tukamusindikiza Mathilde ku gare ya treni. Blanketi aliiacha. "Ni ndogo," akasema, "minye nitafunika nini nayo, magoti?" Urbain alicheka, kisha akaangalia kando.

Nikamuambia tutakuja Pasaka.

"Mukuje mvua ikiisha," akajibu. "Barabara ya kutoka gare kwenda kwangu ni mubaya."

Alipanda mwenyewe, hakutaka kushikwa mukono. Martine alikuwa analala, hakuona treni ikienda.

Kazi tatu, 23 Desemba

Kazi mingi leo, kila mama anataka kucha ya Noeli. Mistari sita. Jioni nilimuchukua Martine kwa Mama Émérence, ameshiba, amenawishwa.

Ku nyumba, nikamuweka chini. Akatembea. Ni ile juma ya Mathilde njo alijifunza, hatua tano, sita, mikono juu. Alienda mpaka pembe ile nkambo alikuwa analala, akasimama pale. Akaenda jikoni. Akaenda mulango ya nyuma, akapiga na mukono wazi, nikamufungulia. Aliangalia mu kiwanja, akaita, "Ka! Ka!", njo vile anamuita nkambo. Kisha akangoja ajibiwe.

Nikachuchumaa mbele yake nikamuelezea. Nkambo alienda kwake na treni. Nkambo iko muzima. Tutaenda kumuona Pasaka. Alinisikiliza vizuri sana, akiangalia mudomo yangu. Nilipomaliza, akashika kidole yangu na akanivuta ku mulango ya mbele.

Bukari ilikuwa haijapikwa, na Urbain iko karibu kufika. Nikavaa viatu. Nikamufunga Martine ku mugongo na tukatoka mu mvua ndogo, tukaenda mpaka ku njia ya treni, tukasimama pale wakati kidogo, tukarudi. Kwenda hakulia. Ni wakati wa kurudi njo alilia.